Sare Iliyonikaa Vizuri Mno

Kambini, 3 Juni

Mume wangu,

Mimi ni mzima, ingawa miguu yangu inakanusha. Tulifika jana, na kabla hatujatua mizigo tukaambiwa tukimbie mpaka bwawani na kurudi. Huku mtandao wa simu haupo kabisa, kwa hiyo tumerudi enzi za wazazi wetu: karatasi, kalamu na subira. Barua anabeba dereva wa lori la maji, anayepanda kila Jumamosi. Usimpe barua bila kugundisha bahasha vizuri, anasoma.

Nilidhani kuzima moto wa porini ni kumwaga maji. Kumbe maji yenyewe ni ya kuhesabia vikombe. Kazi ni jembe na reki. Unafyeka nyasi na kukwangua ardhi mpaka ubaki udongo mtupu, ukanda mrefu mbele ya moto, ili moto ukifika ukose cha kula. Mimi niliyekuwa nakushonea vifungo dukani sasa nina malengelenge hata mahali nisipojua yanaweza kuota. Na nimefurahi, baba watoto, sijui nikuelezeje. Ukimaliza ukanda ukageuka nyuma kuutazama, unajiona mtu.

Mkufunzi wetu ni mama mfupi tunayemwita Bi Ngumi. Kwa nini anaitwa hivyo nitakueleza siku nyingine.

Najua unaruka mistari kutafuta habari za sare. Haya. Sare yako ilisimamisha foleni nzima. Bi Ngumi aliniita mbele, akanizungusha, akauliza ni nani aliyeishona upya namna hii. Nikasema kwa sauti: mume wangu. Akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona kitu kama hiki.

Nibusie watoto. Msalimie Mama, na usibishane naye kuhusu chumvi.

Mkeo wa vifungo

*

Kambini, 3 Juni

Mama, shikamoo.

Barua hii isome peke yako, ukimaliza itie jikoni iungue.

Kila nilichomwandikia mkweo kuhusu sare ni kweli, na ndiyo maana ni uongo mkubwa. Unakumbuka shule hii ya wazima moto ilivyonipa sare pana kama gunia, naye akasema mke wa fundi hawezi kuondoka nyumbani amevaa gunia? Akaibana kiunoni, akaibana mabegani, akaipiga pasi mpaka ikakaa kama ya bibi harusi.

Sasa sikia. Kila asubuhi mkufunzi hupita kwenye mstari na kukamata nguo ya kila mtu begani, mgongoni na pajani. Ngumi yake ikijaa kitambaa, unapita. Kwangu ilitoka tupu. Anasema hewa iliyo kati ya nguo na ngozi ndiyo inayokukinga na joto, kwa hiyo nguo ikikubana ni sawa na kutembea uchi. Halafu akachomoa uzi kwenye mshono, akauwasha kibiriti mbele ya darasa. Haukuwa majivu. Uliyeyuka, ukadondoka chini kama nta. Ni nailoni, Mama. Ukidondokea ngozi unagandamana nayo.

Na unamjua alivyo msafi wa kazi. Kitambaa chote cha ziada ndani ya mishono alikikata, kwa hiyo haipanuki hata kwa dua.

Stoo wamebakiwa na saizi za majitu tu. Nimeazima sare ya akiba ya kijana mmoja tunayemwita Nguzo, naikunja suruali na kuikunja tena. Kwa mazoezi inatosha. Lakini siku ya moto wa kweli, mwisho wa mafunzo, mikunjo hairuhusiwi, maana cheche hujificha humo. Asiyeingia kwenye moto ule hapati cheti, na bila cheti hakuna kazi.

Usimwambie, nakuomba. Aliishona huku anaimba. Siwezi kumvunja moyo kwa barua.

Mwanao

*

Dukani, 15 Juni

Mama watoto,

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nimewasomea wateja, nimewasomea wasio wateja, nimemsomea fundi viatu wa jirani akaniambia sasa inatosha. "Tangu aanze kazi hajawahi kuona kitu kama hiki." Mwanamke aliyekagua sare miaka yote hiyo!

Nimechora kibao: FUNDI WA SARE ZA WAZIMA MOTO. Usicheke. Hakijakaa wiki, akaingia msimamizi wa lile shamba kubwa la miti, amekuja kupunguza suruali yake. Akakiona. Nikamsomea barua. Mke wangu, amenipa kazi ya kikosi chake kizima cha zamu ya moto! Wana maovaroli mapana, vijana wanatembea kama mahema. Nitayabana yote kama nilivyobana sare yako, na nimeshanunua uzi uleule, ule mgumu usiokatika. Anayataka haraka kwa sababu kiangazi kimekaza.

Watoto hawajambo. Mama yako simwelewi. Nikianza kusoma barua yako anakumbuka kitu jikoni. Kibao alikitazama, akaguna, akaondoka.

Nikwambie jambo ambalo sikulisema siku ile unaondoka. Niliogopa. Nyumba ilikuwa kubwa ghafla, na ile kazi yako naiona kichwani mwangu hata nikiwa natia uzi kwenye sindano. Lakini nikijua sare niliyoishona mimi ndiyo iliyo mwilini mwako huko, nalala.

Mumeo, Fundi wa Sare (soma kibao)

*

Kambini, 22 Juni

Mume wangu,

Simamisha cherehani. Usipeleke hata ovaroli moja shambani. Kama umepeleka, yarudishe leo.

Sare yako haikusifiwa. Ilikataliwa. Bi Ngumi hajawahi kuona kitu kama hiki kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kuja nayo. Nguo ya moto haibani, lazima ipwaye. Uzi ule unayeyuka. Chukua kipande, kiwashe mwenyewe uone. Nimekudanganya kwa maneno ya kweli, nikijiona nina akili. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu imeishia kwenye migongo ya vijana wa shamba la miti.

Nikasirikie baadaye. Kwanza nenda.

Mkeo

Nyongeza: Lori la maji lililoniletea barua yako leo limevunjika ekseli hapa kambini, halishuki. Nimemwendea Bi Ngumi, nikamwambia yote. Amemwita Nguzo na kumwambia ashuke kwa miguu mpaka barabara kuu, atafute usafiri, asilale njiani. Barua hii iko kwenye soksi yake. Usijali harufu.

*

Nyumbani, 24 Juni

Mwanangu,

Huyo Nguzo wako amefika salama, amekula, na sufuria imebaki ya kuoshwa tu. Atakuletea barua hii. Ni mtoto mwenye adabu, ila mlango wetu ni mfupi kwake na amejigonga kuingia na kutoka.

Siri yako niliitoa jana, kabla hajafika. Usinilaumu, na ukinilaumu shauri yako. Nilinyamaza wakati anasoma ile barua, nikanyamaza wakati anachora kibao, nikanyamaza hata wakati anabana yale maovaroli, nikijisemea haya ni mambo ya mke na mume. Lakini nilipomwona msimamizi anayapakia kwenye gari, nikakumbuka ulivyoniandikia kuhusu uzi na ngozi. Kiangazi hiki! Wale ni watoto wa watu. Gari halijafika hata kwenye kona, nikamwambia.

Alichukua kipande cha mshono, akaenda uani, akakiwasha. Tone likamwangukia kidoleni. Alikitazama kile kidole, mwanangu, usingependa kumwona. Akapiga simu ya msimamizi, haipatikani. Akavaa viatu, akakodi pikipiki.

Amerudi na mzigo wa maovaroli kifuani kama mtu aliyeokota watoto. Tangu hapo anafumua na kurudishia vipande alivyokata. Sebule imejaa nyuzi mpaka paka amejinyonga nusu. Kibao kimeng'olewa, nimekifanya cha kukatia mboga.

Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sawa, huyu amelitia. Lakini nani alimsifu? Wewe. Na nani alisikia akanyamaza? Mimi. Mwandikie tena, na safari hii usimpambe.

Mama yako

*

Dukani, 2 Julai

Mama watoto,

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika matusi.

Nianze na shamba, maana hilo ndilo ulilonituma, ingawa barua yako ilinikuta nimeshakwenda. Nilifika wakati vijana wamekwisha kuyavaa, wamejipanga wanatazamana. Wamependeza! Hilo nakwambia bila aibu. Nikasema yavueni, mimi ndiye fundi, nimekosea. Wakacheka, wakadhani natania. Basi nikachomoa uzi kwenye mkono wa wa kwanza, nikawasha kibiriti, likadondoka tone juu ya jiwe. Kicheko kikaisha. Walivua palepale uwanjani, wengine na suruali zao zote. Msimamizi hakunigombeza. Alinipa tu mkono, na mimi ningependelea anigombeze.

Mmoja alikataa. Alisema kesho anakwenda kujitambulisha ukweni na hajawahi kupendeza namna ile maishani mwake, nimwachie hata siku moja. Nikamwambia moto haungoji wakwe. Akaniambia na wakwe hawangoji moto. Tulibishana mpaka nikavua koti langu, lile jeusi la harusi yetu, nililokwenda nalo ili nionekane mtu wa maana. Limemkaa. Akavua ovaroli, akaondoka na koti. Kwa hiyo koti letu la harusi limeolewa tena.

Sasa wewe. Sikukasirika kwa sababu ya uzi. Uzi ni kosa langu, sikuuliza, nilijiona najua nguo zote. Nimekasirika kwa sababu nilikuwa nasoma ile barua mbele za watu, na nyumbani mwangu mama yako anajua, na kambini watu wote wanajua, na mimi peke yangu ndiye ninayecheka. Umenionea huruma kama mtu anavyomwonea huruma mtoto. Mimi si mtoto wako, mimi ni mumeo. Iliniuma. Bado inauma.

Na wakati wote ule ulikuwa huna sare, hukuniambia, na kazi ya kushona sare ndiyo kazi pekee ninayoijua duniani!

Nitumie vipimo. Vya mwili wako ninavyo. Nataka vya ngumi ya huyo mama.

Mumeo

*

Kambini, 6 Julai

Mume wangu,

Nimeisoma kazini, nimekalia gogo, na machozi yamenitoka nikasingizia moshi. Hakukuwa na moshi.

Umesema kweli yote. Nisamehe. Nilijiambia nakulinda, kumbe nilikuwa naogopa kuusikia ukimya wako kutoka huku mbali. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka nikakaribia kuwaunguza watoto wa watu. Sina cha kuongeza hapo.

Ngoja basi nikutolee yaliyobaki, yasije yakaota mizizi. Kwenye mazoezi ya kutembea na mzigo mgongoni nilikuwa wa mwisho, nyuma hata ya mpishi aliyekuwa amekuja kututazama tu. Juzi nililia chooni. Reki yangu ya kwanza niliivunja kwa kuikanyaga. Jina langu hapa ni Vifungo, na nililipata kwa sababu siku ile ya ukaguzi kifungo cha kifuani kilikatika kikampiga Bi Ngumi shavuni. Hilo nalo sikukwambia.

Mazuri ni kwamba sasa situmii tena mabega, natumia kiuno, na ukanda wangu unanyooka. Nimejifunza kupapasa majivu kwa mgongo wa mkono kutafuta joto lililojificha, maana kiganja chetu sisi kimekwisha kuwa soli ya kiatu.

Nilimwendea Bi Ngumi kuhusu vipimo. Aliweka ngumi juu ya karatasi, akaniambia chora. Karatasi ndiyo hii. Alisema: "Mwambie huyo bwana mimi nina mikono midogo. Moto una mikubwa. Aongeze."

Moto wa kweli ni tarehe kumi na tisa. Lori limetengenezwa.

Vifungo wako

*

Dukani, 11 Julai

Mama watoto,

Mzigo ndio huo. Ni nguo mbaya kuliko zote nilizowahi kushona. Haina kiuno, haina bega, mbele na nyuma ni suala la bahati. Uzi ni wa pamba, na kila kipande nimekiwasha kibiriti kabla hakijaingia kwenye sindano. Nyumba nzima inanuka kibiriti na Mama amefungua madirisha yote. Mishono ni ya kurudiwa. Vifungo nimevishona mwenyewe, nikagundua ni kazi ngumu ambayo sikuwahi kukushukuru.

Ukiulizwa fundi ni nani, sema hujui.

Hapana. Sema ni mimi.

Mumeo

*

Kambini, 20 Julai

Mume wangu,

Nimepita!

Nikueleze kwa mpangilio. Asubuhi Bi Ngumi alipita kwenye mstari. Alikamata bega langu, ngumi ikajaa. Akakamata mgongo, ikajaa mpaka vidole havikukutana. Akachomoa uzi, akauwasha, ukawa majivu, akayapuliza. Akaniuliza fundi ni nani. Nikamwambia ni mume wangu. Akasema, "Yule yule?" Nikasema yule yule. Akaandika kitu kwenye karatasi yake na kusogea kwa Nguzo.

Waliwasha mteremko wa nyasi kavu, sisi tukiwa juu na majembe. Nataka ujue niliogopa. Sauti ya moto ndiyo inayotisha, si mwanga. Unatafuna kama ng'ombe wengi kwa pamoja. Upepo ukageuka kidogo, moshi ukatuvaa, nikashindwa kumwona mtu wa mbele yangu. Nikainama, nikaendelea kukwangua, kwa sababu ndiyo kitu pekee mikono yangu ilichojua. Cheche moja ilinikaa begani. Nguzo aliizima kwa kofi ambalo bado linauma kuliko cheche. Kitambaa kimetoboka kidogo, mshono uko palepale, ngozi haina hata alama. Moto ulifika kwenye ukanda wetu, ukasimama, ukatafuta njia, ukakosa, ukafa. Tulipiga kelele kama watoto.

Cheti ninacho. Na kazi nimepewa, leo hii.

Sasa sikia na upande wa pili. Kituo kiko nyuma ya safu ya milima, safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Mikataba ni ya miaka, si ya miezi. Kuna mji mdogo karibu nacho. Familia inaweza kuishi hapo, lakini Bi Ngumi anasema hajui kama fundi cherehani anaweza kupata riziki. Duka lako umelijenga kwa mikono yako kwa miaka yote hii. Tunabaki hapa kambini kukarabati vifaa mpaka katikati ya Agosti, na natakiwa kujibu kabla ya hapo.

Naitaka kazi hii. Naitaka sana, sijawahi kutaka kitu namna hii tangu nilipokutaka wewe. Na bila wewe kukubali kwa moyo wako siichukui.

Usiniandikie kama nilivyokuandikia mimi mwezi wa sita. Niambie tu: unataka niende?

Vifungo

*

Mji mdogo nyuma ya milima, 27 Julai

Mama watoto,

Sitaki.

Umeniomba ukweli, ndio huo, nimeuandika kwanza kabla sijaupamba. Sitaki uende mahali ambapo upepo ukigeuka sitajua. Sitaki kula na Mama peke yetu tukigombana juu ya chumvi. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikuwa na furaha kwa sababu yako na hasira kwa sababu yangu, vyote kwa pamoja, nikatoka nikazunguka soko lote bila kununua kitu.

Halafu nikafikiri: huyu mwanamke sikumwona akitaka kitu namna hii dukani kwangu hata siku moja. Nikapanda basi.

Nimekiona kituo chako kwa nje. Kuna mnara, kuna tangi, kuna mbwa asiyependa mafundi. Mji wenyewe unaumaliza kabla hujaanza kuchoka. Nimetafuta chumba cha duka, na nakupa mabaya yake yote. Dirisha linatazama ukuta. Bati linavuja, na linavuja palepale ninapotaka kuweka cherehani. Jirani wa kulia anafuga majogoo, wa kushoto anajifunza tarumbeta. Vyumba vya kulala vya nyuma ni vidogo, Mama atasema ni vya kuku. Watu wa hapa, kwa nilivyowaona, wanavaa nguo mpaka zidondoke zenyewe, na sijui nitamshonea nani. Naogopa, mke wangu. Naacha wateja wanaojua jina langu, nakuja kwa watu wasiojua hata kama ninahitajika.

Ni chumba kibaya.

Nimekichukua. Nawe chukua kazi.

Mumeo